Fundo Lisilo na Jina

Mtu aliyezoea kusoma kanga akitandaziwa blanketi la viraka, macho yake hutangulia kutafuta anachokijua: pindo, mji na jina. Pindo ataliona. Mji atauona pia, ingawa umegawanyika katika miraba ambayo kila mmoja umetoka kwenye nguo nyingine. Jina hatalipata. Hakuna methali, hakuna kijembe kwa jirani, hakuna neno la mapenzi. Kwa msomaji wa pwani hilo ni pengo kubwa, kwa sababu kwenye kanga jina ndilo huamua nani ampe nani, na siku gani. Nataka kulisoma pengo hilo kama sehemu ya umbo la kazi yenyewe.

Nazungumzia aina moja tu: blanketi linaloshonwa kwa pamoja na watu wa kujitolea, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, katika kumbi za makanisa ya Marekani na Kanada, kisha likafungwa robota na kusafirishwa kwa watu waliokimbia vita au waliopoteza makazi. Walutheri huyapitisha kwa Lutheran World Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 1945. Wamenno wana Mennonite Central Committee, iliyoanza mwaka 1920. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizopokea mablanketi ya Walutheri, kwa hiyo hili si jambo la kutazamwa kutoka mbali.

Kanuni ya kwanza ya umbo hili ni kipimo. Inchi 60 kwa 80, yaani kama sentimita 152 kwa 203, ndicho kipimo cha kawaida. Mshonaji akimjua anayemshonea humpima, awe mtoto, mgonjwa au bibi harusi. Hapa hakuna wa kupimwa. Kipimo kimewekwa ili kimtoshe mtu mzima yeyote, au watoto wawili waliolala pamoja, na pia ili mablanketi yapangike vizuri kwenye robota. Mtunzi wa shairi la arudhi anaielewa hali hiyo: mizani ilikuwepo kabla yake, na ufundi wake utaonekana ndani ya mipaka ambayo hakuichagua.

Ndani ya mipaka hiyo mraba ndio unaotawala. Washonaji mahiri wa Marekani wana mitindo migumu zaidi: nyota za ncha nyingi, pete zilizoingiliana, vipande vyembamba vinavyojengwa tabaka kwa tabaka kuzunguka kitovu chekundu. Kwenye mablanketi ya msaada mitindo hiyo si ya kila siku. Mraba hukatwa haraka, hautupi kitambaa, na mtu aliyejifunza kushona juzi anaweza kuunganisha miwili bila kumharibia mwenzake. Hata hivyo mraba una mtihani wake. Pembe nne zinapokutana zinatakiwa zikutane kwenye nukta moja. Ukilitazama kwa karibu blanketi lililopita mikononi mwa kikundi, utaona safu ambayo pembe zake zimekaa sawasawa, na inayofuata zimepishana kwa upana wa punje ya mchele. Hapo mkono umebadilika. Mhakiki aliyefundwa kuthamini umoja wa mtindo ataiita kasoro. Mimi naona ndipo kazi inapotamka wazi kwamba ina watunzi wengi, na kwamba hakuna aliyepewa ruhusa ya kufumua kazi ya mwenzake ili yake ing'are.

Rangi nazo hazikuchaguliwa, zimeletwa. Shati la kazi, pazia, gauni lililoachwa na mtu aliyekua, mabaki ya gora la dukani. Mpangaji anapokosa uhuru wa kuchagua rangi hubaki na chombo kimoja, kukolea na kufifia. Kitambaa kizito chenye rangi iliyokolea kikiwekwa kando ya kilichopauka, kisha mpangilio ukarudiwa kwa uvumilivu, hata mabaki yasiyopatana huanza kusikilizana. Mara nyingine kitambaa cha maua madogo hujitokeza juu, kikaonekana tena safu mbili chini, jicho likaanza kukingoja kama kina cha shairi, halafu kisirudi. Kiliisha. Katika kazi nyingine yoyote ningemlaumu mtunzi kwa kuanzisha urari asioweza kuukamilisha. Hapa kukatika kwa urari huo kunaeleza ukweli wa malighafi: nguo hiyo ilikuwa moja, na ilikuwa na mwenyewe.

Yote hayo yako usoni tu. Kiini cha umbo hili ni fundo.

Blanketi lina tabaka tatu: uso wa viraka, ujazo wa katikati na kitambaa cha mgongo. Tabaka hizo zisiposhikamanishwa, baada ya kufuliwa mara chache ujazo hukimbilia upande mmoja na kumwacha mtu amejifunika vitambaa viwili vitupu. Kuna njia mbili za kuzuia hilo. Ya kwanza ni mshono unaopita blanketi zima, mistari ya nukta ndogondogo inayochora mawimbi, manyoya na majani. Ni kazi ya wiki nyingi, ndiyo iliyoujengea ushonaji huu sifa, na ndiyo wakusanyaji huitafuta. Ya pili ni fundo. Sindano yenye uzi imara huzamishwa kutoka juu hadi ipite tabaka zote tatu, hurudishwa juu karibu na ilipoingilia, ncha mbili za uzi hufungwa na kukazwa, kisha hukatwa na kuachwa kishungi kifupi. Unaruka nafasi ya kiganja hivi, unafunga jingine.

Njia hiyo ya pili huelezwa kwa kawaida kwamba ni ya haraka, na ni kweli. Mwaka 2020, Mennonite Central Committee ilipotimiza miaka 100, iliwaalika watu wa kujitolea wakutane tarehe 18 Januari kwa lengo la kukamilisha mablanketi 6,500 kwa siku moja. Lengo la namna hiyo halifikiriki kwa mshono wa kupita. Lakini haraka ni sababu ya wenye hesabu. Mhakiki anatakiwa aulize fundo linafanya nini kwenye umbo, na jibu lake linakwenda mbali kuliko saa zilizookolewa.

Mshono wa kupita una mwelekeo. Unaanza mahali, unakwenda mahali, na unabeba tabia ya mkono mmoja. Mkono ukibadilika katikati ya wimbi, wimbi hupinda. Fundo halina mwelekeo. Linaanza na kuisha palepale. Fundo moja likikatika, la jirani halitikisiki, ilhali mshono ukikatika hufumuka kufuata njia yake. Kwa sababu hiyo watu sita wanaweza kuizunguka meza moja, mmoja akaondoka kwenda kumchukua mjukuu shuleni, mwingine akakalia kiti chake, na blanketi lisionyeshe palipoungwa. Mwenye mikono inayotetemeka ana fundo lake. Mtu ambaye hajawahi kugusa cherehani ana fundo lake. Mtoto aliyeletwa na bibi yake naye ana lake. Kwenye mshono wa kupita hawa wote wangekuwa watazamaji na wapika chai. Umbo limeamua nani anastahili kuitwa mtunzi, na limepanua mlango.

Kisha mafundo hujenga mpangilio wa pili juu ya ule wa viraka, na hapa vikundi hutofautiana. Wapo wanaofunga penye pembe, palepale miraba minne inapokutana. Fundo hapo linarudia kilichokwishasemwa na mshono, na lina faida ya kuficha pembe zilizopishana. Wapo wanaofunga katikati ya kila mraba. Fundo hapo linatokea pasipotarajiwa, penye utulivu wa kitambaa, na macho hulazimika kufuata midundo miwili kwa pamoja, wa mishono na wa mafundo, isiyokanyagana. Mimi naupenda huu wa pili. Hauogopi pembe zake zionekane. Na uzi ukiwa wa rangi moja iliyokolea, tuseme mwekundu, ukapita juu ya pazia, shati na gauni bila kubagua, basi ndicho kitu pekee ambacho viraka vyote vinakimiliki kwa pamoja.

Ligeuze. Mgongo mara nyingi ni kitambaa kimoja kipana, pengine shuka la kitandani. Huku kelele za rangi zimekoma, na kinachobaki ni vijimstari vifupi vya uzi, safu kwa safu, pale sindano ilipopita na kurudi. Ni upande huu tu unaokuwezesha kuona kazi ya mafundo ikiwa peke yake. Watu wengi hawaugeuzi. Pia pindo lake lina siri. Pindo la kanga huchapwa pamoja na mji. Ni fremu iliyokusudiwa tangu mwanzo. Kwenye mengi ya mablanketi haya mgongo hukatwa mpana kuliko uso, kingo zake zikakunjwa kuja mbele na kushonewa juu ya viraka. Pindo basi ni mgongo uliokuja usoni. Mtu akijivuta blanketi hadi kidevuni, kinachomgusa shavu ni kile kitambaa cha chini ambacho hakuna aliyekisifu.

Sasa turudi kwenye jina. Ipo kazi nyingine kubwa ya viraka iliyoshonwa na watu wa kujitolea, ile ya kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI, iliyobuniwa na mwanaharakati Cleve Jones wa San Francisco. Ilitandazwa kwa mara ya kwanza jijini Washington tarehe 11 Oktoba 1987, ikiwa na vipande 1,920. Leo vinakaribia 50,000. Kila kipande kina futi 3 kwa 6, ukubwa unaokaribia wa kaburi, na jina la marehemu ndilo moyo wake. Lilipaswa kuwa hivyo. Watu wale walifariki wakati ambapo wengine walizikwa kwa kunong'ona, na kuandika jina kwa herufi kubwa juu ya kitambaa kulikuwa kudai haki yao hadharani. Hakuna atakayelala chini ya vipande hivyo. Mtu anajulikana, mwili haupo.

Kwenye blanketi la msaada mambo yamegeuka: mwili upo, unasikia baridi, na mtu hajulikani. Jina pekee ambalo lingeweza kuandikwa ni la mtoaji. Kuliandika kungemlazimisha mpokeaji alale kila usiku chini ya wasifu wa mtu mwingine. Ndiyo maana nauita ukimya wa blanketi hili sitara. Linamsitiri mtu baridi, na linamsitiri pia asigeuzwe kielelezo cha wema wa wenziwe.

Lebo ndiyo inayoukaribia ukimya huo kwa hatari zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili wanawake wa Kanada walishona mablanketi ya viraka yanayokadiriwa kufikia 400,000, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada likayapeleka kwa wingi Uingereza, kwa familia ambazo nyumba zao zilipigwa mabomu na kwa wagonjwa hospitalini. Mengi yalishonewa kilebo kidogo kilichotaja kwamba ni zawadi ya shirika hilo. Kilebo hicho kinaniweka njia panda. Kinaongea kwa upole, hakiagizi shukrani, hakihubiri. Bila hicho watafiti wasingeyatambua yale machache yaliyosalia. Lakini pia kimehamisha utunzi: kazi ya maelfu ya wanawake imebaki na jina la shirika, na wao wenyewe wamepotea kabisa. Kama ni lazima lebo iwepo, ningependa iseme mahali na mwaka, ikaishia hapo.

Umbo hili linaweza kushindwa, na linaposhindwa tuseme. Linashindwa pale kitambaa chenyewe kinapopiga kelele: bendera za nchi inayotoa, picha za mizinga, nguo zenye mabakamabaka ya kijeshi. Aliyekimbia wanajeshi asifunikwe nguo yao. Linashindwa pia pale mtu anapodhani kwamba neno mabaki ni ruhusa ya kutoa kitambaa kilichochoka, kinachopasuka kikifuliwa mara ya kwanza. Ahadi ya blanketi ni joto, na uzuri wa mpangilio haufidii ahadi iliyovunjwa.

Mwishowe anayelikamilisha ni mpokeaji. Huko linakofika hutandikwa sakafuni, hutundikwa kugawa chumba au kuzuia jua, huviringiwa mtoto, hufungiwa mizigo. Kila tumizi huchakaza mahali pake. Tunalo fungu moja tunaloweza kulifuatilia. An Keuning-Tichelaar na mumewe, mchungaji wa Kimenno huko Friesland, Uholanzi, waliwaficha watu nyumbani mwao wakati wa utawala wa Wajerumani. Baada ya vita walipokea mablanketi yaliyoshonwa na wanawake wa Kimenno wa Amerika ya Kaskazini, yakawafunika wakimbizi. Mama huyo aliyatunza kwa miongo kadhaa, hadi Lynn Kaplanian-Buller, muuza vitabu wa Amsterdam, alipoyafahamu. Kitabu chao Passing on the Comfort kilitoka mwaka 2005, na mablanketi yenyewe yakaanza kuzungushwa katika maonyesho.

Nashukuru kwamba yanaonekana. Ila blanketi likitundikwa ukutani kama mchoro, uso hushinda kila kitu. Fundo lililofungwa ili lizuie ujazo usihame huning'inia kama pambo, mgongo hugeuziwa ukuta, na palipochakaa hufichwa kwenye mwanga hafifu. Wenye maonyesho wangeyalaza juu ya meza, wakakunja pembe moja mgongo uonekane, na kwenye maelezo wakataja palipochanika na palipotiwa kiraka juu ya kiraka, kwa uangalifu uleule wanaoutumia kutaja aina ya kitambaa na mtindo wa uso.