Maktaba Nusu Rasmi na Malipo ya Viazi

Chukulia chama cha wakulima wa viazi Mau Narok kinataka kuwalipa wanachama wake kwa M-Pesa, gunia likishapimwa tu, badala ya kupanda mlima na mkoba wa pesa taslimu. Msanidi programu wao ana njia mbili: aandike mwenyewe mawasiliano na Daraja, lango la M-Pesa ambalo Safaricom iliwafungulia wasanidi mwaka 2017, au achukue maktaba huria ya msimbo iliyokwisha kuandikwa. Kinachovutia zaidi ni ile ya nusu rasmi: mwandishi wake anafanya kazi kwenye kampuni inayoheshimika, jina la kampuni linaonekana, lakini hakuna aliyeahidi kuitunza. Google yenyewe huweka onyo kwenye miradi mingi ya wafanyakazi wake kwamba si bidhaa inayoitambua rasmi. Wengi hulipita onyo hilo bila kulisoma.

Mimi naona jina la mwandishi si kipimo. Kipimo ni kazi gani maktaba inakuondolea. Kwa Daraja, inakuondolea iliyo rahisi: kuomba tokeni inayodumu saa moja, kupanga data, kutuma ombi. Ugumu uko kwingine. Ombi la kumlipa mkulima hujibiwa papo hapo, ila jibu hilo husema tu kwamba limepokelewa; matokeo yenyewe huja baadaye, kwenye anwani uliyoitaja. Mtandao ukikatika katikati, na maktaba ikawa imepangwa kurudia ombi kimyakimya, mkulima wa viazi vya aina ya Shangi anaweza kulipwa gunia moja mara mbili. Toleo jipya la ombi hili lina namba ya utambulisho anayoitunga mlipaji ili kila ombi lijulikane; maktaba iliyobaki kwenye toleo la zamani haina hata pa kuiweka. Tena nywila ya mlipaji husimbwa kwa cheti cha M-Pesa. Maktaba ikikifungia cheti hicho ndani yake, siku kitakapobadilishwa malipo yatakataliwa mpaka mtu fulani, popote alipo, akumbuke kuisasisha.

Utaambiwa msimbo uko wazi, yeyote anaweza kuurekebisha. Ni kweli, lakini huyo yeyote ni nani siku ya mavuno? Uwazi haukuzuia kisa cha maktaba ya event-stream mwaka 2018, ambapo mtunzaji aliyechoka alimkabidhi mradi mtu asiyemjua, na msimbo wa kuiba bitcoin ukapenyezwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba msanidi wa chama naye ataondoka siku moja, na msimbo wake ubaki yatima vilevile. Sikatai. Ila mistari mia mbili inayofanya kazi moja inasomeka na mrithi wake kwa asubuhi moja, tofauti na maktaba inayojaribu kubeba kila huduma ya Daraja.

Kwa usimbaji wenyewe, tumia maktaba iliyokomaa. Hapo kujiandikia ni hatari zaidi. Yaliyobaki andika mwenyewe, cheti kiweke nje ya msimbo, na usirudie malipo yoyote kabla ya kuuliza hali ya muamala wa kwanza.