Nyumba ya Kua na Miti ya Rufiji

Nyumba ya kale husomwa kama tungo. Ina maneno yake, yaani mawe, chokaa na miti. Ina watunzi wake. Na yeyote anayeitengeneza baada ya kuanguka ni mhakiki, apende asipende, kwa kuwa kila jiwe analolirudisha mahali pake ni hukumu yake juu ya lipi lilikuwa na maana na lipi halikuwa nayo. Katika makala hii tunakusudia kuitazama kazi ya kuzitengeneza nyumba za kale za pwani yetu kwa kuchukua mfano wa jumba moja lisilo la kawaida, nalo ni jumba la Kua katika kisiwa cha Juani, Mafia. Twalichagua kwa sababu mbili. Kwanza, habari zake haziachani na habari za vyumba vya chini ya ardhi na mapango. Pili, jumba hili, kama wenzake wote wa mwambao, haliwezi kuelezwa bila kuitaja nchi iliyo ng'ambo ya maji, yaani delta ya Rufiji, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti.

Njia yenyewe yatufundisha jambo hilo. Msafiri huiacha barabara kuu akateremka hadi Nyamisati, akapanda chombo, akapita katikati ya mikoko mpaka mto unapoishia baharini, kisha akavuka hadi Kilindoni. Kutoka hapo hukikata kisiwa kikubwa cha Mafia mpaka Utende, na mashua humfikisha Juani. Huko ndiko uliko mji wa Kua, wenye misikiti, makaburi, nyumba za mawe, na jumba la ghorofa ambalo husemwa kuwa lilikuwa la watawala wa mji. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini waliushambulia mji huu kwa mitumbwi, wakaua na kuteka watu. Tangu hapo Kua haikurudi tena kuwa mji. Mizizi ndiyo iliyobaki kukaa ndani ya nyumba.

Mgeni afikapo hapo jambo la kwanza aulizalo ni chumba cha chini ya ardhi. Hatuwezi kumlaumu, maana hadithi yake ni kali. Masimulizi ya Mafia yasema kwamba watu wa Kisimani, mji uliokuwa kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa ikitazamana na Rufiji, waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kuja kulishua. Siku ya kulishua wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawafunga, wakawalaza mchangani, na jahazi likaburutwa juu ya miili yao hadi majini. Watu wa Kua hawakusema neno. Ikapita miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani kwenye harusi, wakawaingiza katika chumba kilichotengenezwa chini ya ardhi, na wageni walipokuwa katika furaha yao mlango ukajengwa kwa mawe. Hakutoka mtu.

Wanafunzi wetu huuliza kama jambo hili lilitokea kweli. Swali ni halali, ila si la kwanza katika uhakiki. Tutazame kwanza jinsi hadithi ilivyopangwa. Kuna sherehe mbili, na kila moja ni ya kuzindua kitu kipya: chombo kwa upande mmoja, ndoa kwa upande mwingine. Kila mara mgeni anaangamia ndani ya ukarimu wenyewe. Dhambi iliyotendwa kwa chombo inalipwa kwa nyumba. Mswahili aliyeitunga hadithi hii alijua kwamba vitu viwili ambavyo mji wa pwani ulijivunia kuliko vyote ni jahazi lake na jumba lake la mawe, naye akaviweka vyote viwili juu ya maiti. Sisi twaona kwamba hiyo ni tahakiki ya utajiri, na ni kali kuliko nyingi zilizoandikwa vitabuni. Hata hivyo, ina upungufu wake. Hadithi inawalilia watoto wa waungwana na wageni wa harusini. Haimtaji hata mara moja mtumwa, hali miji hii ilikuwa na watumwa, na mawe hayakutembea yenyewe kutoka baharini.

Kisimani yenyewe imekwisha. Neville Chittick alipafanyia uchimbuzi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mahali hapo imeliwa na bahari. Kwa hiyo masimulizi yamefanya kazi ambayo historia haikuweza kuifanya kwa urahisi: yameikuta miji miwili iliyokufa, kila mmoja kwa kifo chake, na kuifunga kwa sababu moja. Ndiyo maana twasema kwamba fundi au msimamizi ambaye, kwa kuwafurahisha watalii, angekwenda kuchimbua chini ya jumba la Kua akitafuta chumba cha harusi, au, mbaya zaidi, akajenga kimoja na kukiwekea kibao, angekuwa ameisoma hadithi vibaya na kuiharibu nyumba kwa wakati mmoja.

Maana pango la kweli lipo, wala si la kutungwa. Kisiwa cha Juani ni mwamba wa matumbawe ya kale, na maji ya mvua huula mwamba wa namna hiyo polepole mpaka ukatoboka. Katika pango la Ukunju, kisiwani humo humo, Profesa Felix Chami alichimbua na kukuta dalili za watu waliokaa au kupumzika hapo kabla ya kuta za Kua kuwako. Wataalamu wengine walirudi pangoni, na katika taarifa yao ya mwaka 2014 wakaeleza masalia ya kilimo, uvuvi na biashara ya Zama za Chuma. Juu ya umri wa tabaka za chini kabisa wataalamu hawakukubaliana, na ubishi huo ni afya. Lakini juu ya jambo moja hapana ubishi: kabla ya mfalme yeyote kujenga ghorofa katika kisiwa hiki, palikuwa na watu waliopanda nafaka, waliovua samaki na waliojua kupokea kitu kilichotoka mbali.

Ng'ambo ya pili habari ni hiyo hiyo. Huko Mkukutu, karibu na Kibiti, Chami alipata shanga za kioo zilizotengenezwa katika Dola ya Kirumi, akazitangaza mwaka 1999. Yeye amezitumia kutetea rai kwamba Rhapta, soko lililotajwa na mabaharia wa Kigiriki na Kirumi karibu miaka 2,000 iliyopita, lilikuwa katika sehemu hizi. Si wote waliomkubali. Kwetu sisi shanga zatosha hata kama Rhapta itaonekana kwingine, kwa sababu zilikutwa katika makao ya wakulima na wafua chuma wa bara hili, wala si katika kasri. Waandishi wa kikoloni walizoea kuieleza pwani kana kwamba ilianza siku ile mgeni aliposhuka na jiwe mkononi. Anayelitengeneza jumba la Kua bila kulifungua pango la Ukunju kwa wanafunzi anairudia kauli hiyo hiyo, hata kama yeye mwenyewe ni mzalendo mwenye nia njema.

Sasa tupande juu, tufike kwenye dari. Ukitazama ukuta wa nyumba ya mawe iliyoanguka mahali popote pwani, utaona safu ya matundu yaliyopangwa sawasawa, chini kidogo ya mahali palipokuwa na ghorofa. Humo ndimo zilimolala boriti. Boriti ni mti wa mikoko, hasa mkandaa na mkoko wenyewe, mti mgumu, ulionyooka, usiopendwa na mchwa. Juu ya boriti fundi hupanga mabamba ya mawe, juu yake hutia kifusi na chokaa, kisha watu hukipiga kwa vipande vya mti siku nyingi, kwa kuimba, mpaka kikashikana kikawa sakafu. Kwa sababu boriti zimebeba uzito wote huo, haziwezi kuwa ndefu mno. Na kwa sababu haziwezi kuwa ndefu mno, chumba cha nyumba ya Kiswahili ni kirefu lakini chembamba, upana wake ukiwa kama mita 2.5 hadi 3. Waandishi wengi wameusifu wembamba huo kama jambo la adabu, la sitara, la mila. Huenda yamo hayo. Lakini kwanza ni kipimo cha mti. Tajiri wa Kua, wa Kilwa au wa Unguja alilala ndani ya urefu wa mkandaa, apende asipende.

Na mikoko mingi kuliko yote ya Afrika Mashariki iliyo mahali pamoja ni ile ya delta ya Rufiji, yapata hekta 53,000. Biashara ya miti hiyo ilikuwa na lugha yake. Miti ilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Haikuishia kwetu. Miji ya Ghuba, isiyo na misitu, ilijengwa dari zake kwa miti ya pwani hii. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alifika Salale, ndani ya delta, akiwa katika jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti, naye ameandika juu ya matope, mbu na taabu ya kazi ile. Wanafunzi wetu, wakiulizwa delta ya Rufiji ni maarufu kwa nini, hutaja manowari ya Kijerumani Königsberg iliyoangamizwa humo Julai 1915. Manowari moja iliyojificha kwa miezi michache imepewa nafasi ambayo wakataji wa karne nyingi hawakuipata.

Sheria nayo imekuwa na upofu huo huo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yalinda pia milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, na ni vizuri ilivyofanya hivyo. Mlango una nakshi, huonekana, huuzwa, huibwa. Boriti haina nakshi. Na dungu, ile nyumba ya juu ya nguzo ambayo Mrufiji huijenga shambani ili mafuriko yapite chini yake na yeye alinde mpunga wake, haiwezi hata siku moja kutimiza umri wa sheria, kwa sababu yajengwa, yaoza na kujengwa upya. Ujuzi wake ni wa kale. Miti yake ni ya juzi. Hapa tuna nyumba ambayo matengenezo ndiyo desturi yake, na bado hatuihesabu miongoni mwa nyumba za kale.

Tukirudi kwenye mawe, kazi kubwa zaidi ya aina hii upande wa bara imefanyika Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kuta nyingi kuimarishwa. Kazi hiyo yastahili sifa. Yafaa hasa tuseme kwamba chokaa ndiyo dawa ya nyumba hizi na saruji ni sumu yake. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huufungia ndani, chumvi ya bahari ikakusanyika nyuma yake, na jiwe la matumbawe likamomonyoka huku uso wa ukuta ukionekana mzima. Hata hivyo, kuimarisha ukuta usio na dari ni kuandika nusu ya sentensi. Mgeni hutoka Kilwa akidhani kwamba Waswahili walikuwa watu wa mawe tu.

Wako watakaotupinga kwa kusema kwamba gofu lina ukweli wake, na kwamba kulirudishia dari ni kudanganya. Twakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ghorofa ya juu ya jumba la Kua na ibaki chini ilikoanguka. Wasakalava ni sehemu ya historia ya nyumba hiyo. Wengine watasema kwamba mikoko isiguswe, na hao wana hoja nzito zaidi. Mwaka 1987 Serikali ilisimamisha ukataji wa mikoko, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa kuisimamia uliotayarishwa na Adelaida Semesi, kwa kuwa misitu ilikuwa ikipungua kwa shoka na kwa mashamba ya mpunga. Bila mikoko hakuna kamba, hakuna samaki, na bahari huingia shambani. Lakini katazo likikaa muda mrefu hufanya jambo ambalo halikukusudiwa: mkataji aliyejua mti gani ukatwe na upi uachwe uchipue huzeeka bila mwanafunzi, na anayebaki msituni ni mwizi wa usiku, asiyechagua.

Rai yetu ni ndogo. Chumba kimoja cha Kua, kimoja tu, kitiwe dari tena. Miti yake itoke delta kwa kibali, ikatwe na wazee wa huko wakiwa na vijana wa shule za Kibiti, ivushwe kwa jahazi, na sakafu ipigwe na watu wa Juani kwa nyimbo wanazozijua wao. Kabla ya hapo darasa liingie pangoni. Hesabu ya kazi si ngumu kuianza, kwa sababu ukuta wenyewe umeiweka: upana wa chumba wapimwa kwa kamba, matundu yahesabiwa upande mmoja, na idadi yake yapelekwa Salale kwa korija.