Froome wa Salzburg na Macho Yaliyokwenda Kando

Ile video ya Salzburg ya Septemba 2006 mmeshaiona, na najua mlicheka. Mimi sicheki. Chris Froome, kijana wa miaka 21 mwenye jezi ya Kenya, anateremka jukwaa la kuanzia mbio za saa za ubingwa wa dunia wa baiskeli kwa walio chini ya miaka 23, na hata hajakolea mwendo amemvaa ofisa wa mashindano. Wote wawili chini. Hapa Kibomet, Kitale, bado kuna wanaobisha kwamba ofisa ndiye aliyesimama vibaya. Basi alisimama vibaya. Kosa linabaki la mwendeshaji, na ni kosa la macho.

Tulitazame polepole. Katika mbio za saa, mita chache baada ya jukwaa hazimpi mtu ushindi hata akizipaa. Kazi ya pale ni ndogo: shuka wima, pata mzunguko wa kanyagio, inua kichwa uisome kona, kisha ndipo ulale juu ya usukani na kuanza kuumia. Froome alianza kuumia kabla ya kusoma. Ninavyoiona mimi, alipomwona ofisa alimkazia yeye macho badala ya kuikazia nafasi iliyo pembeni yake. Baiskeli hufuata macho. Ukimtazama unayeogopa kumgonga, bega linageukia kwake, usukani unalifuata bega, na sentimita chache za mpira zinazogusa lami hazina mjadala. Bodaboda wa Kamukuywa mwenye gunia la mahindi kwenye keria analijua hili bila kocha: shimo huliona mara moja tu, kisha macho yake yanahamia pale anapotaka tairi lipite. Akilitazama mara ya pili, mahindi yamemwagika.

Aliinuka, akamaliza wa 36. Sawa.

Wapenda simulizi hukimbilia kisa cha barua pepe: kwamba alitumia anwani ya mwenyekiti wa shirikisho la baiskeli la Kenya kujiandikisha mwenyewe kwenye mashindano. Wanakisimulia kama ujanja wa Sungura. Mimi naona kosa lilianzia huko. Alikwenda Austria akiwa mwendeshaji, meneja na fundi kwa pamoja. Mkutano wa mameneja alihudhuria yeye. Kijana anayeshika makaratasi na spana kwa mkono mmoja, nani atasimama pembeni amwambie wapi pa kutazama? Hili nimeliandika hadi mhariri amechoka nalo: katika michezo yetu, fundi ndiye wa mwisho kupata tiketi.

Na si kwamba macho ya kukaza hakuwa nayo. Alipokuwa mdogo Nairobi alifuga chatu wawili, Rocky na Shandy. Anayelisha chatu haangalii vidole vyake, humwangalia chatu. Alikuwa na subira pia: akiwa na miaka kumi na kitu alifuatana na mwendesha baiskeli David Kinjah na vijana wake kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, akilala kwenye kibanda cha Kinjah kilichojaa fremu na magurudumu. Alikuwa akiitwa Murungaru, kwa urefu na wembamba wake. Chuo kikuu, kule Johannesburg, alisomea uchumi. Mtu wa hesabu, basi, na hesabu ndizo zilizomfundisha kuinamisha kichwa. Miaka yote ya ukubwa wake mlimwona akikodolea kile kipimo cha nguvu kwenye usukani kana kwamba barabara imechapwa humo. Juni 2019, Roanne, akikagua njia ya mbio za saa, aliachia mkono mmoja apenge kamasi kwenye mteremko; upepo ukamtupa ukutani, fupa la paja likavunjika.

Katikati ya hayo alishinda Tour de France mara nne.

Tatizo letu ni kuabudu mapafu. Mwaka 2008 vijana wawili wa Eldoret, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, walipelekwa Ufaransa kupanda mlima wa L'Alpe d'Huez, na muda wa takribani dakika 42 ukawatia watu wazimu. Ni muda mzuri. Lakini mapafu hayapindi kona, na Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya bahari, haijawahi kukosa mapafu. Ilichokosa ni mtu wa kufundisha mteremko wa kwenda Webuye: mkono upi ukae kwenye breki, kiuno kiende wapi.

Kinjah alikuwa nacho kipawa hicho. Alikuwa nahodha Melbourne, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Machi ya mwaka uleule, na Froome akamaliza wa 17 katika mbio za saa, dunia ikaanza kuuliza huyu ni nani. Miezi sita baadaye, Salzburg, kijana yuko peke yake. Ningempeleka Kinjah. Si kushindana, umri ulishampita, bali kusimama chini ya lile jukwaa na spana mfukoni, aseme kwa Kiswahili ambacho Froome alikielewa vizuri: inua kichwa, Murungaru, huyo mzee muache kushoto.