Maji ya Paa na Mazoea ya Mteremko

Simama Nyamirambo, jijini Kigali, mvua ya Itumba, yaani masika, ikinyesha, uangalie maji yanavyoshuka kutoka Mlima Kigali. Sehemu yake hupita kwa kishindo kwenye mifereji ya mawe kuelekea bondeni. Sehemu nyingine hudondoka kutoka kwenye mabati ya nyumba, ikatua uani na kunywewa na udongo. Macho ya wengi huvutwa na yale ya kwanza kwa sababu yana kelele. Ya kuogopwa zaidi ni haya ya pili, yaliyozama ndani ya kilima yakakaa kimya.

Udongo wa mteremko hushikiliwa na msuguano wa chembe zake pamoja na mizizi. Mvua ikishinda siku kadhaa, maji hujaa katikati ya chembe hizo, yakaongeza uzito na papo hapo yakazisukuma zisishikane sawasawa. Mzigo unazidi huku kinachoubeba kikilegea. Sisi nasi tunausaidia mporomoko. Tunakata kilima ili tupate kiwanja tambarare, na udongo tulioondoa ndio uliokuwa ukiegemeza ule wa juu. Tunaacha maji ya paa yamwagike nyuma ya nyumba. Tunachimba choo cha shimo kinacholowesha ardhi mwaka mzima, kiangazi na masika. Mvua ya usiku mmoja ikija, inamalizia kazi tuliyoianza wenyewe.

Watu wa nchi za theluji walikutana na tatizo hili kwa sura nyingine. Katika majira ya baridi ya 1950 na 1951, maporomoko ya theluji yaliua watu 98 nchini Uswisi. Baada ya hapo nchi hiyo iliongeza vizuizi juu ya vijiji vyake na ikatengeneza ramani za hatari ambamo eneo jekundu halijengwi nyumba. Wana pia mbinu ambayo sisi hatuwezi kuiazima: hufunga barabara, wakalipua theluji kwa baruti, nayo ikaporomoka saa wanayoitaka wao, hakuna mtu chini. Theluji iliyoanguka mwaka huu itarudi mwakani. Udongo wa mitaa yetu ya Gitega au Kimisagara ukiporomoka haurudi, na juu yake wamelala watoto. Kwa hiyo Kigali imebakiwa na njia mbili: kuyaongoza maji, au kuwahamisha watu.

Kuyaongoza maji ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Wakati wa uhuru mwaka 1962, Kigali ilikuwa mji wa watu wapatao 6,000, na vilima vingi vilikuwa mashamba na majani. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,745,555. Kila paa lililoongezeka limechukua ardhi iliyokuwa ikinyonya mvua polepole, likaimwaga mvua hiyo mahali pamoja kwa dakika chache. Ndiyo maana gata na tangi la maji nyumbani ni vifaa vya usalama, ingawa wengi huvihesabu kama vya kujipatia maji ya kufulia. Ndiyo maana pia ruhurura, yaani mfereji mkuu wa mtaa, hujengwa kwa mawe, ukawa na ngazi za kuyapunguza maji kasi, na ukahitaji kuzibuliwa kila mara. Kazi hiyo ya kuzibua ni miongoni mwa zinazofanywa siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kosa moja la ujenzi linastahili kutajwa peke yake. Fundi hujenga ukuta wa kuzuia udongo, akaupiga plasta vizuri, akasahau kuacha matundu ya kutolea maji. Ukuta wa namna hiyo ni bwawa. Maji hujikusanya nyuma yake hadi siku unapopasuka, na hapo hushuka na mawe yake. Ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya, unaoitwa gabioni, hauna urembo huo, lakini hupitisha maji na kubaki umesimama.

Njia ya pili, kuwahamisha watu, ndiyo ngumu zaidi. Wanyarwanda huyaita maeneo ya hatari amanegeka, na neno hilo likitamkwa na kiongozi wa mtaa, mwenye nyumba husikia kwamba anafukuzwa. Mfano wa Kangondo na Kibiraro, wilayani Gasabo, unafundisha. Wakazi wake walihamishiwa Busanza mwaka 2022 baada ya mvutano wa miaka, kwa sababu wengi walitaka fidia ya fedha badala ya nyumba, na shauri likafika mahakamani. Kandokando ya mfereji wa Mpazi, katika sekta ya Gitega, ilitumika njia nyingine: majengo ya ghorofa ya matofali yalijengwa mtaani palepale, na wenye viwanja wakapewa nyumba humo kwa thamani ya ardhi yao. Mtu alitoka kwenye hatari bila kuacha soko lake, shule ya wanawe wala majirani zake. Kwa uhandisi na kwa ubinadamu, naona Mpazi ndiyo njia iliyo bora.

Kinachobaki ni akili ya anayekaa juu ya mteremko. Mtafiti Ian McCammon alichunguza ajali 715 za maporomoko ya theluji nchini Marekani, zilizowakuta watu waliokwenda milimani kuteleza na kujifurahisha. Alikuta kwamba hata waliofunzwa vizuri walilegeza tahadhari kwenye njia waliyoizoea. Elimu waliyokuwa nayo ilishindwa na kumbukumbu ya safari zilizopita salama. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu yenyewe ni hii: mlima hautoi onyo kwa kila kosa. Unaweza kukosea masika kumi ukasalimika, na kila mara ukajifunza somo la uongo kwamba nyumba yako iko imara.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, huko Rubavu, Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu. Wengi waliangukiwa na nyumba zao wakiwa usingizini. Ilikuwa mitaa na vilima walivyovijua tangu utotoni. Hata hivyo ni kosa kuwalinganisha moja kwa moja na mtelezaji wa theluji. Yule huchagua mlima kwa starehe na anaweza kurudi hotelini. Mpangaji wa Kimisagara huchagua mteremko kwa sababu kodi yake ni nafuu na kazini anafika kwa miguu. Kumwambia tu kwamba pana hatari, bila kumwonyesha pa kwenda, ni kumwongezea hofu.

Kwa hiyo jiji lina deni la kuongeza nyumba kama za Mpazi karibu na watu wanakopata riziki. Nasi wakazi tuna deni letu. Kabla ya Itumba, zunguka nyuma ya nyumba yako. Angalia maji ya paa yanaishia wapi. Tazama kama ukuta una matundu na kama yanapitisha maji. Ukiona ufa mpya ardhini, mti au nguzo iliyoinama, au maji ya tope yakichuruzika pasipo kawaida, ondoka na watoto usiku huohuo, kisha mpigie simu kiongozi wa mtaa. Usingoje kukuche.