Upanga wa Mwanzi

Kijana amepiga magoti juu ya mikeka myeupe katika ua wa nyumba ya ukoo wa Iyi, mjini Edo, mwaka 1630. Anaitwa Chijiiwa Motome. Ni samurai asiye na bwana, na mbele yake pana upanga wake mwenyewe. Ndani ya ala hamna chuma, mna mwanzi. Chuma alikwisha kukiuza mkewe alipougua. Wenyeji wake wanalijua hilo, na bado wamemwamuru ajipasue tumbo kwa upanga huohuo, maana ndiye aliyebisha hodi akiomba ruhusa ya kufia hapo kwa heshima.

Anasukuma. Mwanzi haupenyi. Anasukuma tena. Aliyewekwa nyuma yake ili amkate kichwa na kumfupishia maumivu hataki kuinua upanga. Anamhimiza akate kwanza, apitishe toka upande mmoja hadi wa pili. Mwishowe kijana anausimika mwanzi chini na kuuangukia kwa uzito wa mwili wake.

Hapo ndipo nilipomfahamu Masaki Kobayashi, mwongozaji wa filamu hiyo, Harakiri, ya mwaka 1962. Damu inayoonekana ni kidogo. Tunachoona ni jasho, vidole vinavyotetemeka, na safu za wanaume waliokaa wima kwa adabu zote wakimtazama mtu akifa vibaya. Mwongozaji mwingine angetuhurumia akaikata picha mapema. Kobayashi anaiacha. Anataka tukae uani pamoja na wale watazamaji, mpaka tujiulize sisi tumekaa upande gani.

Subira hiyo aliinunua ghali. Alizaliwa mwaka 1916 huko Otaru, mji wa bandari katika kisiwa cha Hokkaido, akasoma sanaa za Asia ya Mashariki katika Chuo Kikuu cha Waseda, kisha mwaka 1941 akaingia kampuni ya filamu ya Shochiku. Hakutimiza hata mwaka. Januari 1942 aliitwa jeshini na kupelekwa Manchuria. Vita vile hakuvikubali, lakini askari wa Japani wa enzi ile hakuwa na pa kusemea. Akatafuta upenyo mmoja mdogo: alipotakiwa kupanda cheo, alikataa. Akabaki askari wa chini kabisa. Vita vilipokwisha alishikwa mateka, akakaa kambini Okinawa karibu mwaka mzima, hadi aliporudi nyumbani mwaka 1946 na kuanza tena kazi, sasa akiwa msaidizi wa mwongozaji Keisuke Kinoshita.

Mtu aliyekikataa cheo alijua jambo moja ambalo majenerali hawalijui: jinsi amri inavyosikika kwa aliye chini kabisa. Filamu zake zote kubwa zimetega masikio mahali hapo. Mwaka 1953 alitengeneza Chumba chenye Kuta Nene, kutokana na shajara za Wajapani wa ngazi za chini waliofungwa kwa makosa ya kivita. Ilihoji kwa nini aliyetii anaozea gerezani wakati aliyeamuru yuko nje. Kampuni iliogopa kuwaudhi Wamarekani, ikaiweka kabatini hadi 1956.

Ndipo ikaja kazi iliyobeba maisha yake, Hali ya Mwanadamu, filamu ya sehemu tatu zilizotoka kati ya 1959 na 1961, yenye urefu wa saa tisa na nusu na zaidi. Chanzo chake ni riwaya ya Junpei Gomikawa, yenye juzuu sita. Kaji, anayeigizwa na Tatsuya Nakadai, ni kijana mwema anayedhani anaweza kuwa msimamizi mwenye utu katika mgodi wa Kijapani huko Manchuria, ambako Wachina wanafanyishwa kazi kwa nguvu. Garimoshi linafika na mateka waliofungiwa ndani ya mabehewa ya mizigo. Milango inafunguliwa, watu wanaporomoka kama magunia, na walio na nguvu ya kusimama wanakimbilia chakula. Kaji anajua kwamba mwenye njaa ya siku nyingi akila kwa pupa anaweza kufa. Anawazuia kwa kipigo. Mtu wa huruma kashika fimbo, na anawapiga watu wenye njaa ili waishi. Hakuna hotuba inayoweza kueleza vizuri zaidi jinsi vita vinavyoupinda wema wenyewe mkononi mwa mwenye nao.

Tazama pia fremu yenyewe. Kobayashi na mpiga picha wake, Yoshio Miyajima, walitumia skrini pana, na upana huo waliufanyia kazi. Kaji anakuwa kitone chini ya anga kubwa, halafu ghafla uso wake unajaza picha nzima, na hapo tunakumbuka kwamba kile kitone kilikuwa mtu. Filamu inaishia thelujini. Kaji, ambaye vita vimemfanya mateka, ametoroka kambi ya Warusi, anatembea kumwendea mkewe Michiko, na amemhifadhia kipande cha chakula. Anaanguka. Theluji inamwagika juu yake polepole mpaka anabaki kichuguu kimoja kidogo katika weupe usio na mwisho. Baada ya saa tisa na nusu za kuishi naye, kichuguu kile tunakijua jina.

Ndiyo maana ya urefu ule. Vita huhesabu watu kwa maelfu. Kobayashi alihesabu mmoja, na alihesabu taratibu. Katika Harakiri, Hanshiro, mkwe wa Motome aliyekuja kudai haki ya marehemu, anakaa mkekani na kusimulia kwa sehemu kubwa ya filamu. Panga zinangoja. Muziki wa Toru Takemitsu nao unangoja: pigo moja la biwa, kinanda cha nyuzi cha Kijapani, halafu kimya kirefu. Na panga zinapochomolewa hatimaye, hatuwezi kushangilia, kwa sababu tumekwisha kuambiwa kila pigo limetoka wapi. Nakadai alikuwa hajatimiza miaka 30 alipoicheza nafasi ya babu huyo Hanshiro, na uzee wote aliutia katika sauti.

Hata alipogeukia hadithi za mizimu, katika Kwaidan ya 1964, alikuwa bado na wafu wa vita: ukoo wa Heike ulioangamia baharini unamwita mwimbaji kipofu Hoichi usiku, awaimbie kushindwa kwao wenyewe. Mwaka 1983 akatoa filamu ya habari kuhusu kesi ya Tokyo ya viongozi wa vita, zaidi ya saa nne na nusu, iliyoungwa kutokana na picha zilizohifadhiwa na Wamarekani. Alifariki Oktoba 1996.

Harakiri inaanza na kuisha kwa daftari la kumbukumbu la nyumba ya Iyi. Mwishoni, Hanshiro amepindua vazi la chuma la mababu wa ukoo, fahari yao yote, na watu wamelala wafu. Mshauri mkuu wa nyumba anaamuru waandikwe kuwa wamekufa kwa maradhi. Vazi linaungwa upya na kurudishwa mahali pake. Ua unasafishwa. Mtumishi mmoja anaona shungi la nywele lililokatwa, aibu ya samurai mmoja wa nyumba hiyo, analiokota na kulitia ndooni.

Daftari halina habari ya shungi hilo. Kamera iliinama ikaliona, na sisi tuliokaa mpaka dakika ile tumeliona.