Jina Linalotoka Mkononi

Wajerumani wamewahifadhi mafundi wao ndani ya majina. Müller, jina la ukoo lililoenea kuliko yote nchini humo, ni msagaji wa nafaka. Schmidt, linalolifuata, ni mhunzi. Schneider ni mshonaji wa nguo, Fischer ni mvuvi, Weber ni mfumaji. Na Zimmermann, jina lililonituma kuandika haya, ni seremala wa kujenga, mtu wa magogo na mihimili. Majina hayo yaliganda kwenye koo tangu karne ya 12 hadi ya 15 hivi, miji ilipojaa watu na kina Johann wakazidi mtaani, ikawalazimu waandishi wa kodi na wa makanisa kuuliza: Johann yupi, seremala au msagaji? Fundi akafa, jina likabaki kwa wanawe, wakaja wajukuu ambao hawajawahi kushika randa nao wakaitwa vivyo hivyo.

Jina la Zimmermann limesafiri mbali. Arthur Zimmermann alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani mwaka 1917, na simu ya siri aliyoipeleka Mexico ilisaidia kuiingiza Marekani vitani. Mwanamuziki Bob Dylan alizaliwa Minnesota mwaka 1941 akiitwa Robert Zimmerman. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyejulikana kwa msumeno.

Sasa njoo Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kijiji ambacho pwani nzima inakijua kwa kuunda vyombo. Hapa mambo yamekwenda kinyume. Ufundi upo, tena umepita kwa baba na kwa babu, ila jina la ukoo la kuutangaza halipo. Kwenye kitambulisho cha Kenya mtu wa hapa huandikwa jina lake, la babake na la babuye, basi. Ukikisoma hutajua kama mwenyewe anaunda majahazi au anauza sukari. Neno Fundi halikuandikwa humo. Watu ndio humwekea mtu mbele ya jina lake, nao hawamwekei mpaka wameona kazi. Kijana anaweza kuzaliwa nyumba iliyojaa mafundi na akaitwa jina lake tupu kwa miaka, huku akishika mbao, akipiga misumari na kuchemsha chai, mpaka siku watu waanze wenyewe kumwita Fundi.

Naipenda desturi hii, na sababu yake ni kazi yenyewe.

Chombo cha Matondoni hakiundwi kwa mchoro. Utako hulazwa mchangani juu ya magogo, fashini ya mbele na ya nyuma zikasimamishwa, kisha mbao za ubavuni zikaanza kupanda. Vipimo ni shibiri, dhiraa na jicho. Fundi hurudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa, akautazama ubavu wa kulia na wa kushoto kwa zamu, akarudi na tezo kuondoa unene usiozidi wa ganda la yai. Mtu asiyejua ataona mbao mbili zilizo sawa. Yeye ameona chombo kitakachovuta upande mmoja siku ya kaskazi kali.

Nitazame taruma kidogo, maana hapo ndipo akili ya kazi hii ilipo. Taruma ni ubavu wa ndani unaoshika mbao zisifunguke. Ukilichonga taruma lililopinda kutoka mti ulionyooka, nyuzi za mti hukatika, na mahali zilipokatika ndipo litakapopasuka mawimbi yakianza kupiga. Kwa hiyo fundi hutafuta mti uliojipinda wenyewe ukiwa hai. Mlilana, ule mkoko unaosimama mbele ya wenzake ukitazama bahari, hutoa matawi ya namna hiyo. Mtu akienda kukata hubeba kichwani umbo la chombo kizima: hili tawi litakaa karibu na omo, lile pana litakaa katikati, penye tumbo. Anaunda jahazi akiwa bado matopeni, maji yakimfika magotini.

Kisha misumari. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee ili mbao isipasuke, na shingo ya msumari huzungushiwa uzi wa pamba uliotiwa mafuta kabla haujapigwa, maji yasipate njia. Baada yake huja kalafati, kazi ya subira kuliko zote. Pamba husokotwa, ikalowekwa mafuta, ikapigiliwa kwenye kila mwanya kwa patasi butu na nyundo, mwanya kwa mwanya, kutoka omo hadi tezi. Mlio wake unasikika kutoka mbali ukija kwa mashua. Mwanya uliojaa vizuri mlio wake ni mzito. Ulio na uwazi ndani husikika mwepesi, na fundi akiusikia hurudi pale pale. Chini ya chombo hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuwazuia wadudu wa bahari wanaotoboa mbao. Siku ya kushua hualikwa watu, dua husomwa, kamba hushikwa na kila mwenye mikono, na chombo huteremka.

Wajerumani waliwahi kuja karibu na hapa, nao walikuwa na hamu ya miti. Mwaka 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walifanya mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, bara ya Lamu. Mwaka 1888 ikafunguliwa posta ya Kijerumani mjini Lamu. Ikafungwa 1891, na nyumba yake leo ni makumbusho. Mwaka 1890, mkataba wa Heligoland ulipoikabidhi Witu kwa Waingereza, Mjerumani Andreas Küntzel alifika na wenzake akitaka kupasua mbao katika misitu ile. Ukazuka ugomvi, wakauawa, na mwezi uliofuata Waingereza wakaichoma Witu. Ninaposoma habari hizo huwaza jinsi msitu ule ule ulivyoonwa na macho mawili: moja liliona shehena, jingine liliona omo na mataruma.

Mti umekuwa mgumu kupatikana. Marufuku ya ukataji miti iliyowekwa na serikali Februari 2018 wazee wanaikumbuka vizuri, na Lamu ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mashua za plastiki ya nyuzi na injini zimeingia. Lakini ufundi haujakwisha. Mwaka huo huo wa 2018, Ali Skanda, fundi wa Lamu, aliongoza kuunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa fukweni na kufunikwa kwa ndara zipatazo 30,000, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Plastiki ile ilichongwa na kuungwa kwa ujuzi wa mbao. Hilo linaniambia kwamba ujuzi haukuwa ndani ya mti.

Hata hivyo nina wasiwasi mmoja, na hapa Wajerumani wametuzidi. Jina lililoandikwa hudumu. Unguja, Shamsi Vuai Nahodha alikuwa Waziri Kiongozi kuanzia 2000 hadi 2010, na kila alipotajwa, kazi ya baharini ilitajwa pamoja naye. Fundi wa Matondoni akifa, neno Fundi huenda naye kaburini, na majahazi yake hubaki yakipita kwenye mlango wa bahari wa Mkanda yakiwa na macho kwenye omo na jina lao ubavuni, bila jina la aliyeyaunda. Wazee huweza kuutambua mkono wake kwa mkato wa omo. Wajukuu wa wazee hao hawataweza.

Sitaki ukoo wa Fundi uanzishwe, wala sitaki mtoto arithi sifa asiyoitolea jasho. Nataka jina liwekwe kwenye kazi. Ndani ya kila chombo, juu ya fashini ya nyuma, pana nafasi ya kutosha jina la fundi, la babake, na mwaka wa kushua. Lamu haina uhaba wa wachonga nakshi. Kazi hiyo kwao ni ya asubuhi moja.