Je, "Kiondoasumu" Yafaa Kuwa Istilahi?

Miongoni mwa maneno yanayoenea upesi bila ya kupimwa ni "kiondoasumu", linalotumiwa kutajia vitamini C, vitamini E na vitu vya jamii hiyo vinavyouzwa kwa wanamichezo katika vidonge na unga ili, yasemwa, wasichoke upesi. Twaliona ni neno lenye kasoro, wala kasoro yenyewe si ya sarufi. Muundo wake hauna ila. Ni ule ule wa "kifyonzavumbi" na "kiuavijasumu". Kasoro imo katika maana.

Sumu ipi inayoondolewa? Mwili unapotumia oksijeni kuunguza chakula, hutokea chembe zisizotulia, ambazo wanakemia huziita radikali huru, nazo hunyang'anya elektroni za molekuli jirani. Kitendo hicho ni uoksidishaji, na vitu tunavyovizungumzia hukizuia kwa kutoa elektroni zao wenyewe. Mkaazi wa Mbweni, ambako upepo wa bahari hula mabati kabla ya wakati wake, anamjua ndugu wa kitendo hicho kwa jina la kutu. Karafuu yetu nayo ina yujinoli, ambayo huchelewesha kuharibika kwa mafuta kwa njia iyo hiyo. Na hatujamsikia mpishi akisema kwamba karafuu imeyaondolea mafuta sumu.

Lingekuwa suala la usahihi tu, tungelivumilia. Lakini mwanariadha anayesoma kwamba mazoezi humjaza sumu na kidonge huiondoa, ataamini kuwa vidonge vingi ni bora kuliko vichache. Utafiti hauungi mkono imani hiyo. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake, Ujerumani, walionyesha kwamba gramu 1 ya vitamini C kila siku, pamoja na vitamini E, ilizuia baadhi ya manufaa ya mazoezi, hasa jinsi mwili unavyoitikia insulini. Mwaka 2014 Gøran Paulsen na wenzake, Norwei, walikuta baada ya wiki 11 kwamba vidonge vya namna hiyo vilidhoofisha mabadiliko mema ndani ya misuli, ingawa uwezo wa kukimbia haukutofautiana. Yaani radikali hizo, zikiwa kwa kiasi, ni ishara inayouamuru msuli ujijenge. Mwenye kuziita sumu amekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Ametokea wa kupendekeza "kizuiakutu". Neno ni tamu na darasani litasaidia, lakini fundi rangi atalidai ni lake. Sisi tunapendelea "kizuiaoksidi". Atakayesema kwamba oksidi ni zao na si kitendo amesema kweli. Hata hivyo "kizuiauoksidishaji" ni mzigo kwa ulimi, na istilahi isiyotamkika hubaki vitabuni.

Limebaki "kirutubisho", linaloandikwa juu ya makopo hayo. Kirutubisho kimo katika pera, dagaa na mchicha. Kilichomo koponi ni nyongeza ya lishe, na jina hilo humkumbusha mnunuzi kwamba lishe yenyewe hutangulia. Wafasiri wa maandishi ya serikali waanze nalo hili, kwa kuwa halihitaji kikao.

Aliye na neno fupi kuliko "kizuiaoksidi" na atuletee, maadamu sumu haimo.